Umri wa dunia: Miaka elfu sita ilitoka wapi?

MAMA mmoja anayeishi Kitengela ameniletea swali ambalo, asema, limezua ubishi mezani kwake. Bintiye aliye kidato cha tatu alikwenda ziara ya shule Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, akarudi akisimulia mashoka ya mawe yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Baba mtu, ambaye ni mzee wa kanisa, akamkatiza: dunia yenyewe haijatimiza miaka elfu saba, hayo mashoka yatafikaje huko? Chakula kikapoa.

Sasa mama huyu anauliza mambo mawili. Kwanza, hiyo elfu sita imeandikwa wapi katika Biblia, maana ametafuta asiione? Pili, tunaposema kwa Kiswahili “umri wa dunia”, tunazungumzia umri wa kitu gani hasa?

La kwanza nalijibu mara moja: haijaandikwa popote. Hakuna kitabu, sura wala aya inayotaja umri wa dunia. Tarakimu hiyo ni jumla. Ilipatikana kwa kujumlisha, na waliojumlisha hawakuwa watu wa mchezo. Walikuwa maaskofu, watawa, marabi na maulamaa waliojua lugha nyingi, na kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 1,500. Ukitaka kuipinga hesabu yao, au hata kuitetea, ni haki yako, ila kwanza ijue ilivyofanywa.

Kuhesabu kwa kuzaa

Fungua Mwanzo sura ya tano. Humo mna orodha ya watu kumi, kutoka Adamu hadi Nuhu, na kila mmoja ametajwa umri aliokuwa nao alipomzaa mwana anayefuata katika orodha. Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi. Sethi alikuwa na 105 alipomzaa Enoshi. Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182. Gharika ilipokuja Nuhu alikuwa na miaka 600. Hebu chukua kalamu ujumlishe. Utapata 1,656. Hiyo ndiyo miaka kutoka Adamu hadi gharika, kwa mujibu wa matini ya Kiebrania ambayo Biblia zetu nyingi za Kiswahili zimeifuata.

Ukishafika hapo, Mwanzo sura ya 11 inakupeleka kutoka Shemu hadi Abrahamu kwa mtindo uo huo. Kitabu cha Kutoka kinataja miaka 430 ya Waisraeli ugenini. Wafalme wa Kwanza sura ya sita inataja miaka 480 kati ya kutoka Misri na kuanza kujengwa kwa hekalu la Sulemani. Baada ya hapo unahesabu miaka ya utawala wa wafalme, mmoja baada ya mwingine, hadi Yerusalemu inapotekwa na Wababeli.

Hapo uzi unakatika. Orodha za namna hiyo hazifiki hadi leo. Basi mkokotoaji alihitaji tukio moja linalotajwa katika Biblia na pia katika historia ya mataifa mengine, alitumie kama kigingi cha kufungia kamba. Kigingi kilichopendwa kilikuwa kifo cha Nebukadneza, mfalme wa Babeli, mwaka 562 KK. Wafalme wa Pili inasema kwamba mrithi wake alimtoa gerezani mfalme Yehoyakini katika mwaka wa 37 wa uhamisho. Ukijua mwaka wa kifo hicho kutokana na kumbukumbu za wanajimu wa kale, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi Adamu.

Aliyepata umaarufu zaidi kwa kazi hii ni James Ussher, aliyezaliwa Dublin mwaka 1581 na kuwa Askofu Mkuu wa Armagh nchini Ireland. Kitabu chake cha Kilatini kilitoka mwaka 1650. Alikata shauri kwamba uumbaji ulianza mwaka 4004 KK. Mwaka 1701 tarehe zake zilichapishwa pambizoni mwa Biblia ya Kiingereza, na zikakaa humo kwa zaidi ya karne mbili. Ndiyo maana wasomaji wengi walidhani ni sehemu ya Maandiko. Ongeza 4004 na miaka yetu elfu mbili na ushei, nawe umepata elfu sita ya mzee wetu wa kanisa.

Usiku wa kuamkia Jumapili

Hapa niguse lugha kidogo, maana ndiyo kazi ya safu hii. Ussher hakutaja mwaka tu. Alisema wakati ulianza usiku ulipoingia, usiku ule unaotangulia Oktoba 23, siku ya Jumapili. Waandishi wa Kiingereza huhangaika sana na tarehe hii. Wengine huandika kwamba ni Oktoba 22, wengine Oktoba 23, na wote wawili hudhani mwenzake amekosea.

Mswahili hana taabu hapo. Magazeti yetu kila siku huandika “ajali ilitokea usiku wa kuamkia Jumapili”. Kwa Waswahili wa pwani, siku mpya huingia jua linapotua, kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wayahudi nao huhesabu hivyo hivyo, na Mwanzo sura ya kwanza hutaja jioni kabla ya asubuhi. Ussher alikuwa akifuata hesabu hiyo. Kwa Kiswahili tarehe yake ni nyepesi kabisa: usiku wa kuamkia Jumapili, Oktoba 23.

Pengine umesikia pia kwamba Ussher alitaja saa tatu asubuhi. Si yeye. Ni msomi mwingine wa Uingereza, John Lightfoot, aliyeandika mwaka 1642 kwamba binadamu aliumbwa yapata saa tatu ya mchana. Ilimbidi awafafanulie wasomaji wake kwamba hiyo saa tatu ya kale ni saa tisa kwa saa ya ukutani ya Kiingereza. Kiswahili hakihitaji ufafanuzi huo, kwani saa tatu ya Agano Jipya ndiyo saa tatu yetu hadi leo.

Kwa nini majira ya Oktoba? Kwa sababu mwaka wa Kiyahudi huanza majira hayo, na huko Mashariki ya Kati ndipo matunda huwa yameiva. Ilionekana busara kwamba bustani iwe na matunda siku ya kwanza. Na kwa nini Jumapili? Ni siku ya kwanza ya juma. Kila hatua ilikuwa na hoja yake.

Tarakimu zinapogombana

Kama hesabu ni ya kujumlisha tu, mbona wakokotoaji hawakupata jibu moja? Ajabu ya jambo hili ni kwamba walitofautiana kwa zaidi ya miaka elfu.

Chanzo kikubwa ni tafsiri. Karne tatu hivi kabla ya Kristo, Wayahudi wa Misri walianza kuyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki. Tafsiri hiyo, Septuaginta, ndiyo waliyoisoma Wakristo wa kwanza. Katika Septuaginta, Adamu alikuwa na miaka 230 alipomzaa Sethi, si 130. Sethi 205, si 105. Karibu kila mtu ameongezewa mia. Ukijumlisha hadi gharika unapata 2,242 badala ya 1,656. Wasamaria nao wana matini yao, na jumla yao ni 1,307.

Tofauti hizi zilizaa mafumbo. Katika baadhi ya nakala za Septuaginta, Methusela alimzaa Lameki akiwa na miaka 167. Piga hesabu: Methusela anazaliwa mwaka wa 1,287 baada ya Adamu, anaishi miaka 969, anafariki mwaka wa 2,256. Gharika ilikuwa 2,242. Yaani anafariki miaka 14 baada ya gharika, ilhali hakuwa miongoni mwa wale wanane waliopanda safina! Mtakatifu Augustino alilizungumzia fumbo hilo katika karne ya 5, akaona kosa limo katika nakala za Kigiriki. Katika matini ya Kiebrania Methusela anafariki mwaka ule ule wa gharika, si kabla wala si baada.

Kisha kuna jina linalozidi. Septuaginta imemwingiza Kenani wa pili kati ya Arfaksadi na Sala, na Injili ya Luka inamtaja pia. Matini ya Kiebrania haimjui. Jina hilo moja linaongeza miaka 130.

Kwa hiyo walioshika Kigiriki walipata dunia kongwe zaidi. Theophilus wa Antiokia, mnamo mwaka 180, alihesabu zaidi ya miaka 5,600 kutoka uumbaji hadi siku zake. Sextus Julius Africanus aliweka miaka 5,500 kutoka Adamu hadi Kristo. Eusebius wa Kaisaria alipunguza hadi 5,200 hivi. Kanisa la Bizanti lilikubali 5509 KK, na Warusi walitumia hesabu hiyo katika nyaraka za serikali hadi Tsar Petro Mkuu alipoiondoa mwaka 1700. Wayahudi, walioshika Kiebrania, huanza mwaka 3761 KK. Mwaka wao mpya wa Septemba 2023 ulikuwa wa 5784.

Ukivuka mpaka pale Moyale utaikuta hesabu hii ingali hai. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huhesabu miaka 5,500 kutoka uumbaji hadi Kristo, kufuatana na hesabu iliyonyooshwa na Annianus, mtawa wa Aleksandria wa karne ya 5. Wahabeshi waliposherehekea kuingia mwaka 2000 mnamo Septemba 12, 2007, kwa Mwaka wa Dunia ulikuwa 7500. Hata ile miaka saba au minane ambayo kalenda yao iko nyuma ya yetu imetokana na hesabu hizo hizo za kale. Kwa hiyo muumini wa Addis Ababa na muumini wa Kitengela, wote wakishika Biblia, wanapishana kwa karibu miaka elfu moja na mia tano kuhusu umri wa dunia.

Siku kama miaka elfu

Mbona basi watu wazima wenye akili zao wahangaike hivyo? Sababu kubwa ilikuwa ya mbele, si ya nyuma. Walitaka kujua dunia imebakiza muda gani.

Zaburi ya 90 na Waraka wa Pili wa Petro husema kwamba kwa Mungu miaka elfu ni kama siku moja. Wakristo wa mwanzo waliunganisha hilo na siku sita za uumbaji, wakasema: dunia itadumu miaka elfu sita, kisha pumziko. Kwa Africanus, Kristo alikuja mwaka wa 5500. Maana yake dunia ingeisha mnamo mwaka 500 wa kalenda yetu. Mwaka huo ulipokaribia, Eusebius na wenzake walikuwa wameshaisogeza hesabu, wakanunua muda.

Mtawa Bede wa Uingereza aliirudia hesabu kwa Kiebrania mwaka 703, akapata 3952 KK. Hesabu hiyo ilimfanya Kristo asiangukie katika ile elfu ya sita. Watu wakamshtaki kwamba ni mzushi. Mwaka 708 aliandika barua kujitetea, akalalamika kwamba watu wa kijijini humsumbua kumwuliza imebaki miaka mingapi.

Waislamu nao walikutana na fikra hiyo, kwani Kurani pia inataja siku iliyo kama miaka elfu. Al-Tabari, mwanahistoria aliyefariki Baghdad mwaka 923, alikusanya riwaya zinazosema dunia ni ya miaka elfu sita na nyingine elfu saba, akaegemea elfu saba, na akaona kwamba baada ya kuja kwa Uislamu ilibaki miaka 500 hivi. Miaka 500 ikapita. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika waziwazi kwamba matukio yameibatilisha hesabu hiyo. Kabla yake, mnamo mwaka 1000, Al-Biruni alikuwa ameshaziweka hesabu za Wayahudi na za Wakristo bega kwa bega kuonyesha jinsi zinavyopingana.

Ninayasema haya kwa sababu hapa kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja la kidini waliwaambia wafuasi wao kwamba dunia ingeisha Desemba 31, 1999. Watu waliuza mali zao. Tarehe ikapita. Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Na sisi Wakenya tuna Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako tangu mwaka 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa msituni. Askofu Ussher hana lawama katika hayo. Ila mtu akikuambia kwamba ana hakika ya tarehe ya mwisho, kumbuka kwamba wasomi waliojua Kiebrania, Kigiriki na Kilatini walishindwa kuafikiana hata tarehe ya mwanzo.

Rika kama kalenda

Njia ya kuhesabu kwa vizazi si ngeni Kajiado. Mji wa Kitengela umesimama kwenye nyanda za Wamaasai wa Ilkaputiei, na jina la nyanda hizo, Kapiti, limetokana nao. Mzee wa Kimaasai ukimwuliza jambo fulani lilitokea lini, pengine hatakutajia mwaka. Atakutajia rika lililokuwa la morani wakati huo: Ilterito, Ilnyangusi, Iseuri. Kwa Kimaa rika huitwa olaji. Iseuri ndio waliokuwa morani Kenya ilipopata uhuru.

Wasomi waliona mapema kwamba hiyo ni kalenda. Mwaka 1956 Henry Fosbrooke alichapisha makala akitumia orodha ya marika kupanga tarehe za historia ya Wamaasai. Kila rika huchukua miaka 15 hivi, kwa hiyo majina kumi yanakurudisha nyuma karne moja na nusu. Lakini tazama, mitego ni ile ile ya Mwanzo. Marika hupishana na kuingiliana. Tena jina hurudi: walikuwapo Ilnyangusi katika karne ya 19, kisha wakawapo wengine waliokuwa morani katika miaka ya 1940 na 1950. Ukiwachanganya, umepoteza miaka mia kwa pigo moja, sawa na yule Kenani wa pili.

Na orodha ya marika ina mwisho. Ng'ambo ya jina la mwisho linalokumbukwa kuna simulizi, na simulizi hazina tarakimu. A. C. Hollis, aliyeandika masimulizi ya Wamaasai mwaka 1905, alisimuliwa jinsi dunia ilivyotayarishwa, pamoja na Mndorobo, ndovu na nyoka waliokutwa humo. Haikutajwa ni miaka mingapi, na hakuna mzee aliyeona kwamba pana upungufu.

Chumvi ya Magadi

Watu wengi hudhani hesabu za kidini ziliachwa siku wanasayansi walipokuja kuzipinga. Si hivyo. Hatua ya kwanza ya kutoka vizazini kwenda kwenye mawe na maji ilichukuliwa na mtu aliyetaka kuitetea imani ya uumbaji.

Mwaka 1715 Edmond Halley, yule mnajimu wa kimondo maarufu, alipendekeza njia mpya. Mito, alisema, hubeba chumvi kidogo kidogo. Ziwa lisilo na mto wa kutokea hupoteza maji kwa kukauka juani, lakini chumvi hubaki. Haba na haba, ziwa huzidi kuwa chumvi. Ukipima chumvi leo, kisha ikapimwa tena baada ya karne kadhaa, utajua inaongezeka kwa kasi gani, na kwa kugawanya utajua ilianza lini. Halley alitumaini kuwashinda wale waliodai kwamba dunia haina mwanzo. Alikiri, hata hivyo, kwamba huenda dunia ikaonekana kuwa kongwe kuliko wengi walivyofikiri.

Msomaji wa Kajiado halazimiki kusafiri kuona ziwa la aina hiyo. Ziwa Magadi halina mto unaotoka. Neno “magadi” lenyewe ni la Kiswahili, na kila mpishi anayelainisha maharagwe au mahindi makavu analijua. Lakini saa ya Halley ingemdanganya pale. Magadi mengi ya ziwa hilo huletwa na chemchemi za maji moto zinazobubujika kandokando, si na mito tu, na yakishakauka huganda kuwa tabaka gumu. Bahari nayo hupoteza chumvi kwa njia nyingi. John Joly alipoifuata njia ya Halley mwaka 1899 alipata miaka kati ya milioni 80 na 90 kwa umri wa bahari. Hesabu ilikuwa safi, ila dhana kwamba chumvi huingia tu na haitoki ilikuwa na kasoro. Hata hivyo, swali lilikuwa limeshahama kutoka kwa mababu kwenda kwa madini.

Mashoka ya Olorgesailie

Sasa tumrudie binti na ziara yake. Mwanajiolojia John Walter Gregory alikuta zana za mawe Olorgesailie mwaka 1919. Mary na Louis Leakey walianza kuchimba hapo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakisaidiwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Tangu miaka ya 1980 kazi imeendelezwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na watafiti wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani.

Umri wa zana hizo haukupatikana kwa kuyapima mashoka yenyewe. Shoka halisemi lilichongwa lini. Kinachopimwa ni jivu la volkano lililolala juu na chini ya tabaka lenye mashoka. Madini ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Madini yakiwa ya moto, gesi hutoroka. Yakipoa, inanaswa ndani. Kasi ya kugeuka inajulikana: nusu hugeuka kwa miaka bilioni 1.25. Pima potasiamu iliyobaki, pima agoni iliyonaswa, utajua jivu lilipoa lini. Kwa njia hiyo tabaka za Olorgesailie zimepewa umri kutoka miaka milioni 1.2 iliyopita hadi chini ya nusu milioni. Fonolaiti, yale mawe meusi ya nyanda za Kapiti, yana umri wa miaka takriban milioni 13. Na Dunia yenyewe, tangu Clair Patterson alipopima risasi katika vimondo na kutangaza jibu lake mwaka 1956, inakadiriwa kuwa na miaka bilioni 4.55.

Dunia ipi?

Swali la pili la mama wa Kitengela ndilo lenye ufunguo. “Umri wa dunia” ni umri wa nini?

“Dunia” tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni “iliyo karibu”, yaani maisha haya ya karibu, kinyume cha Akhera. Mtu akisema “dunia imeharibika”, hazungumzii mawe. Anazungumzia watu. Lugha nyingine zina mwelekeo huo huo. Neno la Kiingereza la dunia, “world”, katika umbo lake la kale lilikuwa limeunganisha “mtu” na “zama”. “Olam” ya Kiebrania ilikuwa zama zisizo na kikomo kabla ya kuwa ulimwengu. “Karne” yetu ni “qarn” ya Kiarabu, ambayo hapo kale ilikuwa watu wa wakati mmoja. Hata neno la Kiebrania ambalo Mwanzo hulitumia kwa orodha zake, “toledot”, lina mzizi mmoja na kitenzi cha kuzaa, sawasawa na “kizazi” na “zaa” kwetu.

Yaani wakokotoaji wa kale walikuwa wakihesabu dunia ya watu: nani alimzaa nani, nani alimrithi nani. Kwao hapakuwa na dunia nyingine ya kuhesabu, kwa sababu uumbaji na Adamu vilitenganishwa na siku tano tu. Mwanajiolojia anahesabu Dunia iliyo sayari. Tukitumia neno moja kwa vitu viwili, lazima chakula kipoe.

Sisemi kwamba tofauti imekwisha kwa kubadilisha herufi. Anayeamini kwamba zile siku sita ni za saa 24 bado atakuwa na ubishi na jivu la Olorgesailie, na ubishi huo tumeshauona hadharani: mnamo 2006 viongozi kadhaa wa makanisa ya kievanjelisti nchini walipinga jinsi mabaki ya watu wa kale yalivyokusudiwa kuonyeshwa katika makavazi ya Nairobi. Wako Wakristo wengine wengi wanaoisoma Mwanzo bila kuifanya daftari la hesabu. Hilo kila mtu ataliamua na imani yake. Ninaloweza kusaidia ni lugha.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Tunapomaanisha sayari, tuandike “Dunia” kwa herufi kubwa: umri wa Dunia ni miaka bilioni 4.55. Tunapomaanisha vyote vilivyopo, nyota na magimba yote, tuseme “ulimwengu”, na huo hukadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8. Tunapozungumzia hesabu ya Ussher, ya Wayahudi au ya Wahabeshi, tuseme “Mwaka wa Dunia kwa hesabu ya fulani”, tukimtaja mhesabuji kila mara. Mzee wa kanisa akisema “miaka elfu sita kwa hesabu ya Askofu Ussher”, atakuwa amesema kweli tupu. Binti akisema “mashoka yalikuwa kati ya matabaka ya jivu yaliyopimwa kwa potasiamu na agoni”, naye atakuwa amesema kweli. Kisha waulizane kila hesabu ilianzia wapi, imedhania nini, na nini kingeweza kuiharibu. Siku ya ziara nyingine, baba naye aende. Kutoka Kitengela hadi Olorgesailie ni safari ya kwenda na kurudi siku moja.